Namba Mbili ya Kila Mtu

Katika jengo letu la Darsait, hapa Maskati, hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Sista, kwa sababu alikuwa sista wa wodi ya wazazi kabla ya kustaafu, na hata watoto waliozaliwa baadaye walimwita hivyo hivyo wakidhani ndilo jina alilopewa na baba yake. Ukoo wake na kuzaliwa kwake mtamuuliza mwingine. Maskati haikosi wazee wanaojua nasaba ya kila mtu mpaka babu wa saba, na wanangoja kuulizwa tu. Mimi namjua tangu nilipohamia ghorofa ya chini yake, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa bado nafungua maboksi pale alipoteremka ngazi, akasimama mlangoni, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndala.

"Huna damu, wewe," akasema. "Kula maini."

Salamu zilikuja baadaye. Jioni yake alinipelekea hayo maini yenyewe, yamekaangwa na vitunguu na ndimu, akakaa kitako kuhakikisha nayamaliza.

Alikuwa akiisema vibaya Skotlandi kila siku ya Mungu. Alikwenda kule msichana kusomea uuguzi, akabaki miaka akifanya kazi, mpaka hospitali zilipoanza kufunguliwa huku Omani zikitafuta wauguzi, ndipo akaja. Basi kwa maneno yake Skotlandi hakuna kitu isipokuwa mvua. Mvua ya asubuhi, mvua ya mchana, na uji wanautia chumvi, astaghfirullah. Lakini chumbani kwake kiyoyozi hakikuzimwa usiku wala mchana, tena kwenye baridi ya mwisho, naye amevaa sweta la sufu la kijani, na chai inafuka mvuke mbele yake. Sisi tukipanda kwake tulichukua shali. Nje majabali ya Darsait yanachoma, ndani tunakunja vidole vya miguu. Ukimwambia, "Sista, umejijengea Skotlandi yako humu," alikuwa anakasirika kweli kweli.

Hakuwa na msimamo mmoja. Alitukataza sukari sote, akatutisha na habari za watu waliokatwa miguu, na huku bakuli la halwa analo chini ya kitanda. Nililiona kwa macho yangu siku nilipomtafutia miwani. Alikuwa mkali wa saa kama askari, lakini arusini alifika watu wanapokunja majamvi. Aliwasema wanaume vibaya, kisha mume wa mtu akipata homa ni yeye aliyekesha naye. Mwenyewe hakuolewa. Ukimuuliza sababu alikwambia, "Nimewazalisha wanawake wengi mno," akageuza mazungumzo.

Na siasa za kwetu Unguja hakutaka kuzisikia. Wageni wake wengi walikuwa watu wa Unguja waliohamia huku, na wazee wa Unguja wakikutana hawapitishi kikombe cha pili bila ya kurudi kwenye mambo ya zamani, chama gani kilifanya nini na nani alimsaliti nani. Sista akisikia tu mtu anaanza, alisimama akakusanya vikombe, hata kama vimejaa. Mara moja tu nilimsikia anasema sababu, na alisema huku ananipa mgongo, anaosha sahani.

"Mimi napenda uchaguzi wa kule kwa mwenzangu," alisema. "Wanagombania taka na taa za njiani. Halafu aliyeshindwa anakwenda kwake akalala, na asubuhi nyumba yake ipo."

Huyo aliyemwita "mwenzangu" ndiye mtu wa pili katika habari hii. Alikuwa Mskoti, mkunga kama yeye. Walilala chumba kimoja katika bweni la wauguzi, na urafiki wao haukukatika. Kila Ijumaa baada ya sala Sista alimpigia simu, na Kiingereza chake siku hiyo kilibadilika kikawa cha kule, chenye "r" za kukwaruza, mpaka sisi tuliojifunza shuleni hatufahamu kitu. Kwa vile alizoea kusema "mwenzangu hivi, mwenzangu vile," jengo zima tukaligeuza kuwa jina lake. Tulimwita Mwenzangu, kana kwamba tunamjua.

Mwenzangu aliishi katika mji mdogo wa pwani, na alikuwa na maradhi ya kugombea udiwani. Alitaka zahanati ya uzazi isifungwe, akina mama wasisafirishwe na uchungu kwenda mji mwingine. Alisimama mara tatu, na mara tatu bwana mmoja yule yule mwenye duka la vyombo alimshinda. Kila aliposhindwa Sista alivaa uso wa msiba wiki nzima. Sisi tukipanda kumpa pole, na Bi Salma wa ghorofa ya tatu, ambaye hana dogo, akamwambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Sista akamjibu kwamba kukubali amekubali, ila hakupenda.

"Tatizo la mwenzangu," alinieleza siku moja, "ni namba mbili ya kila mtu. Huyu anampigia chama chake, yule anampigia shoga yake, yule anampigia mume wake. Ukiwauliza baada ya hapo wangemtaka nani, wote watakwambia: yeye. Lakini nani anauliza hayo?"

Nilimsikiliza nikawa namtazama yeye. Katika jengo letu mtoto akiungua, mama alimpigia simu mumewe kwanza, halafu Sista. Binti akiona siku zake zimepita alimwambia dada yake, halafu Sista. Mimi mwenyewe mama yangu alipofariki nilimpigia kaka, kisha nikapanda ngazi. Hakuna aliyemweka mbele ya watu wake, na hakuna aliyemsahau. Sikumwambia hayo, maana hakupenda kusifiwa. Ukimsifu alikupima shinikizo la damu.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili, alirudi kutoka kwenye simu ya Ijumaa macho yanamng'ara. Kule Skotlandi wamebadilisha namna ya kuchagua madiwani. Sasa kata moja itatoa madiwani watatu au wanne, na mpiga kura hatii alama kwa mtu mmoja. Anawapanga kwa namba, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Alitupangia vikombe vya kahawa kwenye sinia kutufahamisha. Kikombe kikijaa, kile kinachozidi kisimwagike bure, kiingie katika kikombe cha pili. Na kikombe kilichopata tone moja tu kimiminwe, tone lake lipewe mwingine. Tukafurahi na ile kahawa, hesabu hatukuifahamu hata kidogo.

Tuliifahamu kwa sufuria. Wanawake wa majengo yetu tulikuwa na vyombo vya shirika: masufuria makubwa ya pilau, majamvi, vikombe, vya arusi na vya maziko. Walinzi wake watatu tulikuwa tunawachagua kwa mdomo, na kwa mdomo hakuna anayemshinda Bi Salma. Sista akasema mara hii tutapiga kura kwa namba, kama kule. Tukaandika kwenye vipande vya karatasi, tukatia ndani ya sufuria lenyewe, na mimi nikawekwa kuhesabu.

Nilipofungua nikachoka. Takriban kila karatasi imempa namba moja Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikuwa mkongwe wa majengo yote, macho yameingia ukungu, hata kijiko hawezi kukinyanyua. Lakini nani angethubutu kumtanguliza mtu mbele yake? Mkono wenyewe unakataa. Kura moja tu ndiyo iliyokwenda kwingine, imempa namba moja Bi Salma, na sote tulijua ni mwandiko wa nani.

"Tumeharibu, Sista," nikamwambia. "Watu wamechagua kwa adabu."

Sista alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo vizuri! Bi Mkubwa kapata kutosha na kupita, mpe kiti chake, mpe na heshima yake. Zilizomzidi zitazame namba mbili. Watu wetu ukweli wao wanauweka hapo."

Nikatazama. Namba mbili zilikuwa za Mama Neema. Mama Neema ni Mkristo kutoka Iringa, fundi cherehani Hamriya, alipanga chumba jengo la nyuma. Kwa mdomo asingetajwa, mgeni na dini mbali. Lakini kila mmoja wetu alikuwa amemwona namna anavyosugua masufuria baada ya maziko, wenyewe tumeshakwenda kulala, na pilau lake halijapata kuungua.

"Jamani, mimi?" alisema, mikono kifuani. "Mbona mnanishtukiza hivyo? Sasa si mngeniambia mapema nivae vizuri!"

Bi Salma akaingia wa tatu kwa namba tatu zetu, na tangu siku ile vyombo havikupotea tena hata kimoja. Sista akampigia simu Mwenzangu kumpa matokeo ya Darsait, na nasikia kule kwenye ule mji wa pwani walicheka vile vile.

Sasa uchaguzi wenyewe wa kule ukakaribia, na hapo ndipo Mwenzangu alipomwambia Sista neno lililomnyima usingizi. Alisema hii ni mara yake ya mwisho. Umri umekwenda, mume amekwisha kufa, watoto hakupata. Akishinda atatumikia muhula wake pale pale. Akishindwa atauza nyumba aje Maskati, waishi pamoja na Sista siku zilizobaki, kama walivyokaa bwenini.

Sista alinihadithia kwa sauti ya kawaida, kama anayesema habari za hali ya hewa. Kesho yake akaanza kusafisha chumba cha pili. Alikwenda Ruwi akanunua kitanda, godoro na pazia za maua ya buluu. Alinunua kettle mpya. Akampa Mama Neema kazi ya kushona foronya. Na wakati wote huo, ukimuuliza, anasema anamuombea mwenzake ashinde.

"Sista," Mama Neema akamwambia siku ya kupima pazia, amepanda juu ya kiti na pini mdomoni, "hebu niambie ukweli. Wewe unaomba ashinde au ashindwe?"

"Ashinde! Kumi la miaka anaitafuta zahanati ile."

"Na hizi pazia?"

"Shona, Mama Neema. Usiniulize khabari za pazia."

Lakini sote tuliona. Alikuwa mtu mzima, amestaafu, sisi tunapanda kwake tukiwa na haja, tukishapona tunateremka. Chumba kile cha pili kilikuwa cha mtu atakayepanda asiteremke. Mimi nilikuwa namtakia Mwenzangu ashindwe, nasema kweli, na zahanati yao wangeijua wenyewe.

Kura zilipigwa Alkhamisi, zikahesabiwa Ijumaa. Tulijaa kwa Sista baada ya chakula cha mchana, tumejifunika shali zetu, bajia mezani, halwa imetoka mafichoni. Ilipokaribia magharibi simu ikalia. Alikuwa mpwa wa Mwenzangu, binti mwenye karatasi ya matokeo mkononi. Sista akamkatiza kabla hajasema kitu.

"Usinambie mwisho," alimwambia kwa Kiingereza, kisha akatufasiria sisi. "Nimemwambia anisomee tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Miaka yote nimezalisha, sijapata kuruka hatua."

Basi tukazaa naye. Hatua ya kwanza: viti vitatu, na bwana mmoja wa chama kikubwa amejaa peke yake. Mwenye duka la vyombo ni wa pili. Mwenzangu wa nne. Bi Salma akasema, "Ndiyo basi tena," Mama Neema akamkanyaga mguu. Kilichozidi kwa yule bwana kikagawanywa. Mwenzangu akapanda kidogo. Kijana wa mwisho akatolewa, karatasi zake zikatazamwa namba mbili, na nyingi zikawa na jina la Mwenzangu. Akatolewa mwanamke mmoja mwalimu. Namba mbili, tena yeye. Sista alikuwa anafasiri kwa sauti inayozidi kushuka. Kiti cha pili kikapata mtu. Kimebaki kimoja, na wanaokikaribia ni wawili: Mwenzangu na mwenye duka, na mwenye duka yuko mbele kwa kiduchu.

"Haba na haba," akanong'ona Bi Mkubwa kutoka kwenye kochi. Hatukujua kama yu macho.

Akatolewa mzee mmoja aliyekuwa akigombea ili asafishiwe ufuo. Sista akasikiliza. Mkono mwingine ameshika ukingo wa meza. Nilimwona anafumba macho.

"Kapita," alisema. "Mwenzangu kapita."

Tulipiga vigelegele, Mama Neema wa kwanza. Sista aliongea na yule binti, akaongea na Mwenzangu mwenyewe, akacheka, akasema mambo mengi kwa Kiingereza kile cha kukwaruza. Akaweka simu. Akaingia chumba cha pili akafunga mlango, na sisi tukabaki tunatazama bajia.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakuyaficha.

"Nusu ni furaha," alisema. "Wallahi nimefurahi. Nusu nnakililia kitanda changu." Akakaa. "Mwenyezi Mungu kanipa nilichomuomba. Ningelimuomba nilichokitaka." Kisha akaleta istighfari nyingi, akamwambia Bi Salma amimine chai, na tukala halwa mpaka ikaisha. Ilikuwa jioni nzuri, pamoja na hayo. Alitusimulia mambo ya bwenini ambayo hajapata kuyasema, jinsi walivyokuwa wanaanika soksi juu ya bomba la maji ya moto na jinsi Mwenzangu alivyomfundisha kutembea juu ya barafu, akianguka yeye kwanza.

Baadaye mpwa wake Sista mwenyewe alimhamisha akamchukua kwake, Khuwair ya Kusini, kwenye nyumba kubwa ya watoto wengi. Ilikuwa heri, tulisema, atapata watu. Nilikwenda kumwona mara mbili tatu. Alikuwa na chumba kizuri, baridi ile ile, na watoto wanaingia, wakitetemeka wanatoka. Alicheka, lakini alikuwa amepungua. Mwenzangu sasa ni mheshimiwa diwani, simu za Ijumaa zimekuwa fupi, maana watu wanamgongea mlango mpaka siku za mapumziko. Zahanati haikufungwa. Sista aliniambia hayo kwa fahari, na alipomaliza akatazama saa.

Mara ya mwisho nilikutana naye Hamriya, mwezi wa sita, saa ambayo lami inanata kwenye viatu. Nilikwenda kuchukua nguo kwa Mama Neema. Jirani na cherehani yake lipo duka la Mhindi mmoja anayeuza nguo za baridi kwa wanafunzi wanaokwenda Ulaya. Nikapita, nikarudi nyuma. Sista alikuwa mbele ya kioo amevaa koti zito la sufu mpaka chini ya magoti, vifungo vyote amevifunga, jasho linamtiririka mpaka shingoni, na mwenye duka anampepea kwa kadibodi.

"Masalkheri, Sista. Kulikoni?"

"Masalkheri, mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu nitazame mgongoni, linanivuta?"

Nikamwambia linamvuta kidogo kwenye mabega. Akalivua, Mhindi akamletea kubwa zaidi, akalivaa. Akaniambia Mwenzangu amepasuliwa goti, anatembelea mkongojo, na muhula wake bado miaka. Kila mtu anamshauri ajiuzulu. Hataki. Anasema watu walijipinda wakamfikisha pale kwa namba zao za pili na za tatu, hawezi kuwaacha njiani.

"Basi yeye hawezi kuja," alisema Sista. "Nnakwenda mimi. Wamenipa viza ya miezi sita. Ikisha ntaomba nyingine."

"Na mpwa wako kakubali?"

"Kasema mtu mzima hasafiri peke yake. Nikamwambia, nilikwenda kule msichana, nikiwa sijapata kuona hata ngazi ya umeme."

Nilicheka, halafu nikaacha. Nikamuuliza kama mtoto mdogo, mbele ya yule Mhindi na kadibodi lake: "Na sisi je, Sista?"

Alinitazama kwenye kioo. Hakukasirika na hakunionea huruma. Alikuwa na uso ule wa wodini, wa kumwambia mtu habari nzuri polepole asije akashtuka.

"Nyinyi mna watu," alisema. "Yule hana mwengine." Akavuta ukosi akaulaza vizuri. "Wala mimi sina."

Alipolipa nikataka kumbebea lile koti. Akakataa, akasema anataka kulizoea tangu sasa. Tukatoka naye juani, nimemshika mkono tukivuka barabara, madereva wanatupigia honi na watu madukani wanasimama kututazama, naye anakwenda na koti lake kichwa juu kama bibi arusi. Sijapata kumwona na furaha ile katika miaka yote ya Darsait. Nilifurahi naye, na nilimwonea wivu mwanamke ambaye sijapata kumtia machoni.